Ndege za Kadi Nyeusi

Wameniachia daftari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na goti langu halipigi tena kwata.
Basi nakaa jikoni, chai inapoa,
theluji imefika usawa wa kizingiti,
nafungua ukurasa wa kwanza:

"Februari, arobaini na mbili. Wavulana kumi na tisa.
Ndege: hakuna. Bunduki: hakuna.
Fagio: saba."

Huo mkono ni wa mwalimu Eskilson, wa hesabu,
mtu asiyewahi kupanda kitu kirefu
kuliko ngazi ya ghala la ngano.
Alikata ndege kwa kadi nyeusi, kwa mkasi wa mkewe,
akazining'iniza darini kwa uzi wa kushonea.
Mlango ukifunguliwa, zinageuka polepole.
"Hii? Ni yetu au ya adui?"
Na watoto wa wakulima wa Varrick, Saskatchewan,
waliojua kutofautisha shayiri na ngano
gizani, kwa sauti ya upepo tu,
hawakukosea hata moja.

Wanne kati ya kumi na tisa walikwenda wakaziona za kweli.
Orest Melnychuk. Ndugu wawili wa Tollefson. Alphonse Gaudry.
Mwalimu hakuandika "amekufa", wala "shujaa".
Kalamu nyekundu, rula, mstari mmoja,
kama mtu anayefunga hesabu iliyomshinda.
Wa Orest tu ndio umepinda mwishoni.
Nimeutazama miaka mingi.
Sijui ni mkono au ni meza.

Kisha kurasa nyepesi. Tarumbeta limeibwa.
Tarumbeta limepatikana, zima,
kwenye banda la nguruwe la kina Sawchyn.
Sitini na moja: wamebaki sita,
na barua ya makao makuu inauliza, kwa adabu,
kama tungependa kufa.
Kina mama wakajibu kwa pirohi,
vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi,
elfu mbili na mia nne, chini ya kanisa, kwa dazeni,
wakanunua mafuta ya ndege ya kuvutia glaida msimu mzima.
Haba na haba, ndiyo. Lakini mikono ya bibi yangu
ilinuka vitunguu hadi Pasaka.

Sabini na tano: "Msichana mmoja. Sare haipo."
Msichana huyo ni mimi, Halyna, ndani ya shati la kaka,
mikono imekunjwa mara tatu.
Sajini Kessler alinipigia saluti akitazama ukuta.
Wiki ya nne akatazama uso.
Hayo hayamo daftarini. Nayaandika leo, pembeni, kwa penseli.

Na hili nalitia pia: Julai, kamba ikaachia,
kelele zote zikakatika kama redio iliyochomolewa,
na Varrick nzima, reli, ghala, makaburi, bwawa la ng'ombe,
ikatosha chini ya kiatu changu.
Nililia. Rubani akajifanya anasoma vipimo.
Nilikuwa na miaka kumi na minne
na sikuwa na huzuni yoyote.

Ghala lilibomolewa mwaka wa tisini na nane.
Treni haisimami.
Jumatano iliyopita walikuja makadeti wanane,
wawili wamecheleweshwa na dhoruba,
mmoja soksi hazilingani.
Huyo ni Jomar Abucay; mama yake ni muuguzi, zamu ya usiku.
Akainua kichwa, akaziona ndege za mwalimu, tano zilizosalia,
kadi imegeuka kahawia, uzi umebadilishwa mara nyingi.
"Hii ya katikati," akauliza, "ni yetu au ya adui?"

Nikafungua mdomo.
Hiyo ilipoteza mkia tangu enzi za baba yangu,
na hakuna anayekumbuka ilikuwa ipi.
Mlango ukafunguka, mtu akaingia akikung'uta theluji,
zikageuka zote tano.

Nimeandika: "Waliohudhuria, wanane.
Uzi mpya unahitajika."